Fahali Mweupe wa Wunlit: Makanisa ya Madhehebu Tofauti Katika Upatanisho wa Wadinka na Wanuer, 1999

Kuanzia tarehe 27 Februari hadi 8 Machi 1999, Wadinka na Wanuer wa ukingo wa magharibi wa Mto Nile walikaa pamoja Wunlit, kijiji cha Wadinka katika eneo la Tonj, Bahr el Ghazal, kusini mwa Sudan. Walikuwa wameuana kwa zaidi ya miaka saba. Waliondoka na agano lililotiwa saini au dole gumba na watu zaidi ya 300, na mpaka wao ukatulia kwa miaka. Mkutano huo uliitwa na Baraza la Makanisa la Sudan Mpya, chombo cha pamoja cha Wakatoliki, Waepiskopali (yaani Waanglikana), Wapresbiteri na makanisa mengine yaliyokuwa katika maeneo ambayo serikali ya Khartoum haikuyashika.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama muujiza. Sisi tunaamini mkono wa Mungu ulikuwapo, lakini mkono huo ulifanya kazi kupitia watu waliohesabu magunia, waliochimba visima na waliokaa kimya wakati wenzao wakisema. Kazi hiyo ndiyo tunayoichambua. Makanisa yalifaulu Wunlit kwa sababu yalikuja kama kundi moja mahali ambapo kila dhehebu peke yake lingehesabiwa kuwa la upande fulani, na kwa sababu yaliandaa uwanja kisha yakawaachia wenye ugomvi neno lao. Kazi ilipolegea baadaye, ililegea pale ilipohitaji mikono ambayo kanisa halina.

Ugomvi ulivyofika hapo

Wadinka na Wanuer ni ndugu wa karibu kwa lugha na desturi, wote wafugaji wa ng'ombe. Mvua zikinyesha hukaa kwenye miinuko na kulima mtama. Kiangazi kikiingia huteremsha ng'ombe kwenye mabonde ya kinamasi yanayoitwa toic, ambako majani hubaki mabichi na samaki hupatikana. Huko ndiko wanakokutana, na huko ndiko wamekuwa wakiibiana ng'ombe tangu zamani. Wizi huo ulikuwa na kanuni zake: walipigana kwa mikuki, wanawake, watoto na wazee hawakuguswa, na damu iliyomwagika ililipwa kwa ng'ombe mbele ya wazee.

Vita vilivyoanza 1983 kati ya serikali ya Khartoum na SPLA, jeshi la waasi wa kusini, viliingiza bunduki katika kambi za ng'ombe. Kisha, tarehe 28 Agosti 1991, makamanda Riek Machar, Lam Akol na Gordon Kong walitangaza kutoka Nasir kwamba wamemwondoa John Garang katika uongozi wa SPLA. Harakati ikapasuka, na mpasuko ukafuata kabila: Wanuer wengi kwa Machar, Wadinka wengi kwa Garang. Mwishoni mwa mwaka huo Wadinka wa Bor walichinjwa kwa idadi ambayo Amnesty International iliikadiria kuwa 2,000. Tangu hapo mashambulizi yakawa ya kwenda na kurudi. Kanuni za zamani zikafa. Vijiji vilichomwa, wanawake na watoto walitekwa, na ukanda mpana wa malisho mazuri ukabaki bila mtu kwa sababu kila upande uliogopa kuukanyaga.

Mwaka 1998 mambo mawili yaliwalainisha wote. Njaa kubwa iliikumba Bahr el Ghazal, na Wadinka wakawa wanakufa huku malisho na samaki wakiwa karibu. Upande wa pili, Wanuer wa magharibi walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe: majeshi ya Machar, aliyekuwa ametia saini mkataba na Khartoum Aprili 1997, yaligongana na wanamgambo wa Paulino Matip karibu na maeneo ya mafuta. Familia za Kinuer zilihitaji mahali pa kukimbilia, na njia pekee iliyobaki ilielekea kwa Wadinka. Tunalisema hili mapema kwa sababu wengi wanaoiga Wunlit husahau kwamba pande zote mbili zilifika zikiwa zimechoka. Palipo na upande unaodhani bado unaweza kushinda, mkutano wa namna hii ni vigumu hata kuuitisha.

Kwa nini dhehebu moja lisingeweza

Ramani ya madhehebu kusini mwa Sudan ilichorwa na wakoloni. Mwanzoni mwa karne ya 20 utawala wa Waingereza na Wamisri uliwagawia wamisionari maeneo ili wasigombane. Wakatoliki wa shirika la Comboni walipewa Bahr el Ghazal. Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari la Uingereza, walianzia Malek, karibu na Bor. Wapresbiteri kutoka Marekani walikuwa wamekwisha kufungua kituo Doleib Hill, kwenye Mto Sobat, mwaka 1902, na baadaye wakafika Nasir, katikati ya Wanuer.

Mipaka hiyo haikubaki kama ilivyochorwa. Wako Wakatoliki Wanuer, na Kanisa la Episkopali lilienea sana kwa Wadinka wakati wa vita. Lakini kwa picha ya jumla, mtu aliyesikia "Mpresbiteri" alifikiria Mnuer, na aliyesikia "Mkatoliki" wa Tonj au Rumbek alifikiria Mdinka. Wapresbiteri wangeita mkutano peke yao, machifu wa Kidinka wangeuliza ni wa nani. Wakatoliki wangeuita, swali lingekuwa lile lile upande wa pili. Hapa umoja wa makanisa haukuwa pambo la kuonyesha kwamba Wakristo wanapendana. Ulikuwa sharti la kazi yenyewe kuanza.

Baraza lenyewe lilikuwa na umri wa miaka 9 hivi. Baraza la zamani, Baraza la Makanisa la Sudan lililokuwa Khartoum, halikuweza kuyahudumia maeneo ya SPLA, kwa hiyo mwanzoni mwa 1990 Askofu Paride Taban wa Jimbo Katoliki la Torit na Askofu Nathaniel Garang wa Kanisa la Episkopali, Bor, waliongoza kuundwa kwa baraza jipya, ofisi yake ikiwa Nairobi. Maaskofu hao wawili walibaki na watu wao wakati mabomu yakianguka, na heshima waliyojijengea ilikuwa mtaji mkubwa kuliko fedha yoyote ya wafadhili. Katibu mtendaji wakati wa Wunlit alikuwa Haruun Ruun, na wakili Telar Deng ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi ya amani ofisini. Mchungaji Mpresbiteri kutoka Marekani, William Lowrey, aliletwa kusaidia kuongoza vikao, kwa kuwa alikuwa amechunguza kwa kina jinsi Wanuer wa Lou na Jikany walivyopatanishwa Akobo mwaka 1994. Mkutano wa Akobo ulikuwa shule ya Wunlit: uliwaonyesha viongozi wa makanisa kwamba taratibu za wazee zilikuwa bado hai na kwamba watu wangezifuata zikifufuliwa.

Hatua zilizotangulia

Mkutano wa siku kumi ulitanguliwa na maandalizi ya miezi ishirini, na kila hatua ilifungua mlango wa inayofuata.

Ya kwanza ilikuwa kupata ruhusa ya wenye bunduki. Julai 1997 viongozi wa makanisa walikutana na wakuu wa SPLM, tawi la kisiasa la SPLA, huko Kejiko, karibu na Yei. Mazungumzo yalikuwa makali, kwa sababu harakati ililiona baraza kama mshindani na baraza lilikuwa na malalamiko yake kuhusu maovu ya wapiganaji. Pamoja na hayo walikubaliana kwamba makanisa yaongoze kazi ya upatanisho kati ya watu kwa watu. Bila ruhusa hiyo, chifu yeyote ambaye angeonekana akizungumza na adui angeweza kuitwa msaliti.

Ya pili ilikuwa kuwakutanisha wachache nje ya nchi. Juni 1998 machifu na viongozi wa makanisa kutoka pande zote mbili walisafirishwa hadi Lokichoggio, kaskazini mwa Turkana nchini Kenya, kituo cha ndege za misaada za Umoja wa Mataifa. Wengi hawakuwa wameonana ana kwa ana tangu 1991. Walikaa zaidi ya wiki moja. Siku za mwanzo walirushiana lawama. Zilipokwisha, walikubaliana jambo moja la msingi: mkutano mkubwa ufanyike ndani ya nchi yao, kwenye ukingo wa magharibi, mbele ya watu wao. Amani iliyofanywa Kenya isingemfunga kijana wa kambi ya ng'ombe.

Ya tatu ndiyo tunayoiona kuwa kiini cha ufundi wote. Wiki chache kabla ya mkutano, machifu walibadilishana ziara. Kikundi kidogo cha Wanuer kilikwenda Thiet, kwa Wadinka, na kikundi kidogo cha Wadinka kilikwenda Leer, kwa Wanuer. Walisafiri kwa ndege ndogo, bila silaha, kwenda kulala katika nyumba za watu ambao mwaka uliotangulia wangewaua. Mtu aliyewaona wageni hao wakila na kurudi salama alikuwa na ushahidi ambao hakuna barua ya askofu ingeweza kuutoa. Ziara hizo zilijaribu pia uwezo wa wenyeji wa kutoa ulinzi: chifu asiyeweza kulinda wageni watano hawezi kulinda mia tatu.

Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi na mabaraza ya makanisa. Bajeti ikiwa ndogo, watu husema ziara zinaweza kusubiri, mkutano mkuu ufanyike kwanza. Matokeo yake wajumbe wa upande mmoja hawafiki, au hufika vijana wenye silaha badala ya wazee.

Ya nne ilikuwa kujenga mahali. Wunlit ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na mpaka wa makabila hayo, kwa hiyo Wanuer wangeweza kufika na hata kuondoka kwa miguu ikibidi. Hapakuwa na chochote cha kupokelea wageni. Watu wa eneo hilo walijenga nyumba za udongo na nyasi zaidi ya 150 pamoja na ukumbi wa mikutano, visima vya pampu vikachimbwa na kiwanja cha ndege kikasafishwa. Wenyeji walitoa ng'ombe wa kitoweo. Mchango huo ulikuwa na maana kubwa kwa wafugaji waliotoka kwenye njaa: aliyetoa fahali wake kwa ajili ya mkutano ana sababu ya kuulinda.

Hesabu za maandalizi

Baraza lolote linalofikiria kazi ya namna hii lianze na kalamu na karatasi. Tuchukue watu 1,000 kwa siku 10, kiwango ambacho Wunlit ilikipita ukijumlisha wajumbe, wasaidizi, walinzi na watazamaji.

Nafaka: nusu kilo kwa mtu kwa siku ni kilo 500 kwa siku, yaani tani 5 kwa mkutano mzima, magunia 50 ya kilo 100. Ndege aina ya Cessna Caravan, iliyotumika sana kutoka Lokichoggio, hubeba takriban tani moja, kwa hiyo nafaka peke yake ni safari tano, kabla hujapakia chumvi, mafuta ya kupikia, dawa na watu. Ndiyo maana kitoweo cha ng'ombe wa wenyeji ni nafuu kubwa: kinafika kwa miguu yake.

Maji: lita 15 kwa mtu kwa siku ni lita 15,000. Pampu ya mkono ya kawaida hutoa lita zipatazo 800 hadi 1,000 kwa saa. Kisima kimoja kingelazimika kupigwa saa 15 na zaidi bila kupumzika, na siku kikiharibika mkutano unavunjika. Visima vitatu ndiyo kiwango cha chini cha busara, pamoja na fundi aliyepo na vipuri vya akiba, hasa mipira ya pistoni na minyororo.

Majira: nyasi za kuezekea hukatwa baada ya mvua kwisha, kuanzia Novemba hadi Januari. Mvua mpya hurudi kuanzia Aprili au Mei, na udongo mweusi wa huko ukilowa hata ndege haiwezi kutua. Dirisha la mkutano ni Februari na Machi. Baraza likichelewa kupata fedha kwa miezi miwili, limepoteza mwaka mzima.

Ulinzi: Salva Kiir, kamanda wa juu wa SPLA na mtu wa Bahr el Ghazal, alibeba dhamana ya usalama. Huo ni uamuzi wenye gharama, kwa sababu kanisa likiomba ulinzi wa jeshi la upande mmoja linajitia doa. Kilichoupunguza uzito ni kwamba Wanuer walikuwa wamekwisha kuziona ziara zikienda salama.

Siku kumi za Wunlit

Mkutano ulifunguliwa kwa fahali mweupe, mabior kwa lugha ya Wadinka. Viongozi wa mila wa pande zote walimwombea, wakamlaani yeyote atakayevunja amani, na akachinjwa mbele ya umati. Maaskofu na wachungaji walikuwapo, na ibada za Kikristo ziliendelea kila siku.

Wakristo wengi huuliza kama makanisa yalifanya sawa kukaa kwenye kafara hiyo. Swali ni la haki, na madhehebu hayakuwa na jibu moja. Kwa maoni yetu yalifanya sawa. Wakosaji waliotakiwa kufungwa na kiapo walikuwa wafugaji ambao wengi wao hawakuwa wamebatizwa, na kiapo cha mtu hufungwa kwa kile anachokiogopa. Makanisa hayakuendesha kafara, na wazee hawakuendesha ibada ya Jumapili. Kila mmoja alisimama mahali pake mbele ya Mungu mmoja ambaye wote walimtaja. Kama wachungaji wangeshurutisha kiapo cha Biblia peke yake, tunaamini karatasi ingetiwa saini na ng'ombe wangeibiwa mwezi uliofuata.

Baada ya kafara yalikuja masimulizi. Upande mmoja ulipewa nafasi ya kusema yote uliyotendewa, bila kukatizwa, kisha ukaja wakati wa upande wa pili kujibu, na zamu zikageuzwa. Waliotajwa walitajwa kwa majina, vijiji kwa majina, ng'ombe kwa idadi. Jambo hilo lilichukua siku kadhaa. Wafadhili wengi hulichukia kwa sababu linaonekana kupoteza muda, na waongozaji wasio wazoefu hulikatiza kwa kuwaambia watu wasahau yaliyopita. Hapo ndipo mikutano mingi huharibika. Mama aliyepoteza watoto hawezi kukubali msamaha wa jumla kabla adui hajasikia majina yao. Wunlit walisikilizana kwanza, kisha wakaulizana la kufanya.

Tatizo la kiufundi lilikuwa lugha. Kila neno la Kidinka lilitafsiriwa kwa Kinuer na la Kinuer kwa Kidinka, na Kiingereza kikatumika kwa kumbukumbu. Hotuba ya nusu saa hula saa nzima au zaidi. Anayepanga ratiba lazima azidishe muda wote mara mbili tangu mwanzo, la sivyo wasemaji wa mwisho hukatwa, na wasemaji wa mwisho kwa kawaida ni wanawake. Tafsiri pia ni mahali pa hatari: mkalimani wa upande mmoja akilainisha tusi au kulikoleza, ukumbi huwaka. Panahitajika wakalimani wa pande zote mbili wanaosikilizana na kusahihishana hadharani. Makatibu waliandika hotuba zenyewe, na kumbukumbu hizo ndizo zinazotuwezesha leo kujua kilichosemwa.

Masimulizi yalipokwisha, wajumbe waligawanyika katika vikundi vya kazi vyenye watu wa pande zote. Viligawana mambo: waliopotea na ndoa za waliotekwa, kurudi kwenye ardhi na kujenga upya ujirani, vyombo vya kuilinda amani, ulinzi wa mpaka, hali ya wenzao wa ukingo wa mashariki, na kuieneza amani kwa makabila mengine.

Suala la wanawake waliotekwa lilikuwa gumu kuliko yote. Mwanamke aliyechukuliwa mwaka 1992 alikuwa sasa na watoto watatu kwa aliyemteka. Kumrudisha kwa nguvu ni kuwavunja watoto, na kumwacha bila mahari ni kuhalalisha utekaji. Hapa wazee walikuwa na hazina ambayo kanisa halikuwa nayo: sheria ya mahari ya ng'ombe, inayojua kubadili tendo la kuchukua liwe ndoa yenye koo mbili, na inayojua watoto ni wa nani ng'ombe wakilipwa na ni wa nani wasipolipwa. Mchango wa makanisa, hasa wa wanawake wa makanisa, ulikuwa kulisukuma swali ambalo wazee peke yao wangelipita: mwanamke mwenyewe anataka nini?

Agano lilivyosema

Maneno ya agano ni mafupi na ya vitendo. Uhasama wote kati ya Wadinka na Wanuer wa ukingo wa magharibi ukome, wa majeshi na wa raia wenye silaha, na mapigano yasitishwe moja kwa moja. Makosa yote dhidi ya watu na mali yaliyofanywa kabla ya tarehe 1 Januari 1999 yamesamehewa. Watu waende na kurudi kwa uhuru, biashara ifanyike. Malisho na sehemu za uvuvi za mpakani zitumiwe kwa pamoja mara moja. Waliohama warudi kwao. Makubaliano madogo ya mpakani kati ya majirani yaheshimiwe. Na roho hiyo ienezwe kusini yote.

Tarehe ya msamaha inastahili kuangaliwa. Waliiweka miezi miwili nyuma ya mkutano, kwa hiyo aliyeiba Februari akijua msamaha unakuja hakufaidika. Na neno "mara moja" kuhusu malisho lilikuwa la maana kuliko hotuba zote, kwa sababu ilikuwa kiangazi, ng'ombe walikuwa na kiu, na manufaa ya amani yalionekana wiki ile ile.

Yaliyoshika na yaliyolegea

Malisho ya toic yalifunguliwa. Baadhi ya waliotekwa walirudishwa au mahari zao zikazungumzwa. Wafanyabiashara walivuka mpaka. Mtihani mkubwa ulikuja mwaka huo huo. Agosti 1999 mafuta ya Sudan yalianza kusafirishwa nje kwa bomba kwenda Bahari ya Shamu, na mapigano ya kuwaondoa watu kwenye maeneo ya visima yakazidi. Wanuer wengi walikimbilia kwa Wadinka, na walipokelewa. Miaka miwili nyuma wangeuawa.

Baraza lilijaribu kuieneza kazi. Wanuer wa Lou walikutana Waat Novemba 1999. Mei 2000 ulifanyika mkutano wa Liliir, katika nchi ya Bor, kwa ajili ya Waanyuak, Wadinka, Wajie, Wakachipo, Wamurle na Wanuer wa ukingo wa mashariki. Juni 2001 baraza liliwaita wawakilishi wengi zaidi Kisumu. Januari 2002 Garang na Machar walitia saini Nairobi makubaliano ya kuunganisha tena majeshi yao. Wunlit haikuwa sababu pekee, lakini makamanda walikuta watu wao wamekwisha kupatana na hawana hamu ya kutumwa tena.

Kasoro ziko wazi pia. Agano lilihitaji polisi wa mpakani, mahakama za pamoja na baraza la amani la kulisimamia. Polisi ni kazi ya utawala, na utawala ulikuwa SPLM, ambao haukuwa na fedha wala shauku ya kutosha. Baraza la makanisa halikuweza kuajiri polisi, na halikupaswa. Kwa hiyo ng'ombe wakiibiwa, machifu walifuatana kwa miguu na nia njema, na nia njema ilichakaa. Hapa ndipo kila kamati ya makanisa ijiulize kabla ya kutia saini: ni vipengele vipi tunaweza kuvitekeleza wenyewe, na kwa vile vingine ni nani aliyeahidi kwa jina lake, kwa fedha ipi, kuanzia tarehe ipi?

Fedha nazo zilipindisha mambo. Wafadhili wa nje walipenda Wunlit kwa sababu ina picha nzuri, na walitaka mikutano zaidi ya kuonekana. Kazi ya kurudi mpakani kila baada ya miezi mitatu, kukaa chini ya mti na machifu na kuuliza ni ng'ombe wa nani amepotea, haina picha, na ilikosa bajeti. Na kadiri mikutano ilivyosogea kutoka kwa machifu wa mpaka mmoja kwenda kwenye siasa za kusini yote, wakuu wa SPLM waliona baraza linawaingilia, na uhusiano uliojengwa Kejiko ukapoa. Liliir na Kisumu ilibidi zifanywe chini ya kivuli hicho.

Vita vya Desemba 2013, miaka miwili na nusu baada ya uhuru wa Sudan Kusini, vilianza kati ya Salva Kiir na Riek Machar na vikafuata kabila tena. Wengi husema hiyo inaonyesha Wunlit ilishindwa. Hatukubaliani nao kwa namna hiyo. Agano la 1999 lilifungwa na machifu, na lilishika pale machifu waliposhika. Mwaka 2013 amri zilitoka Juba, mji mkuu, kutoka kwa watu ambao hawakuapa kwa fahali yule kwa niaba ya serikali, kwa sababu serikali yao haikuwapo bado.

Somo chungu zaidi lilikuja Jonglei mwaka 2011, pale Baraza la Makanisa la Sudan lilipojaribu kuwapatanisha Wanuer wa Lou na Wamurle. Viongozi wa makanisa walitembea, walionya, walipanga mkutano mkuu wa Desemba. Mkutano haukufanyika, na mwishoni mwa mwezi huo maelfu ya vijana wenye silaha wa Lou waliingia Pibor, nchi ya Wamurle. Wunlit ilikuwa imefanywa na machifu ambao vijana bado waliwasikiliza na makamanda walioweza kuwazuia. Jonglei vijana walikuwa na bunduki zao, viongozi wao na redio za mawasiliano, na machifu waliofika vikaoni hawakuweza kuwafunga kwa kiapo. Tangu hapo, waandaaji makini huanza na swali la nani anayetii nani katika kambi za ng'ombe, huwaita viongozi wa vijana tangu ziara za kwanza, na huahirisha mkutano mkuu mpaka wao wenyewe waseme wako tayari kuja.